Mabungo ya Bi Mwanahawa na Ulimi Wangu

Vijana wangu mnaoanza kazi ya ugani, mmeniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka yangu ya kuwasaidia wakulima wadogo kusindika matunda ya asili. Nimekubali haraka. Mstaafu hana wa kumsikiliza nyumbani. Mke wangu hadithi zangu anazijua zote, na nikifika katikati anazimalizia yeye, kisha anakwenda kuangalia maharage jikoni.

Lakini nawatahadharisha mapema. Mambo niliyoyafanya vizuri yamo kwenye ripoti za mradi, na ripoti hizo niliziandika mwenyewe, kwa hiyo mnaweza kukisia zilivyo. Haya ya hapa ni yale ambayo hayakuandikwa popote. Someni, mcheke, halafu nendeni mkafanye makosa mapya, maana haya ya kwangu nimeshayamaliza yote.

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro. Nilikuja Dar nikiwa na cheti changu cha usindikaji wa vyakula ndani ya bahasha ya kaki, na baada ya kuzungukazunguka maofisini mradi mmoja ukanipeleka Temeke, kule Chamazi ndani ndani, ambako mashamba yalikuwa bado yanagombana na viwanja. Kazi ilikuwa kuwasaidia akina mama wenye vishamba vidogo wapate kipato kutokana na matunda yanayoota yenyewe: ukwaju, furu, kunazi, na zaidi ya yote mabungo. Kwetu milimani bungo halipo. Nilikuwa sijawahi hata kulishika mkononi. Hilo halikunizuia kuandaa somo la siku tatu juu yake.

Kwa mliokulia bara kama mimi, mbungo ni mmea unaotambaa na kuparamia miti mingine. Tunda lake lina ganda gumu la rangi ya chungwa, na ndani mna kokwa nyingi zilizovikwa nyama ya njano, chachu ya kukufumbisha jicho moja. Juisi yake watu wa Pwani wanaipenda kuliko soda. Ila ganda likikatwa linatoa utomvu mweupe, na utomvu ule ukikauka ni gundi kabisa. Habari za utomvu hazikuwemo kwenye somo langu.

Siku ya kwanza tulikutana uani kwa Bi Mwanahawa, mwenyekiti wa kikundi. Alikuwa mjane aliyeshapita miaka sitini, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu usogee ili umsikie. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kichaka cha mibungo alichoachiwa na marehemu baba yake, na wanawake sita wa kikundi walikuwa wanaokota humo. Nilivaa koti jeupe, nikawapanga mstari, nikachukua kisu na kuanza kuwaonyesha namna ya kisasa ya kulipasua bungo. Nilipasua kama kumi hivi huku nikieleza habari za vitamini. Jua lilikuwa kali, jasho likanitoka, nikajifuta uso. Wakati huo nilikuwa na masharubu mazuri, niliyatunza. Nilipotaka kuendelea na somo nikagundua kwamba mdomo wa juu hauinuki vizuri, na vidole viwili vimeng'ang'ania kisu.

"Bwana Shamba," alisema Bi Mwanahawa bila kuinuka kwenye kigoda chake, "kwani hukupaka mafuta?"

"Mafuta gani?"

"Ya nazi. Mikononi na kwenye kisu. Utomvu haushiki penye mafuta."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

Akadakia Mama Zai, mdogo kuliko wote kwenye kikundi na mwenye mdomo kuliko wote. "Si umekuja kutufundisha? Sie tukajua ndo mtindo wa kisasa huo, watu wanapasuaga na masharubu."

Masharubu yale niliyaacha kwenye mkasi wa mke wangu jioni ile, na yaliyobaki aliyatoa kwa mafuta ya taa. Kwenye ripoti niliandika kwamba mafunzo yalifanyika kwa vitendo na washiriki walionyesha ari kubwa. Ari waliionyesha kweli, maana walicheka mpaka wakakaa chini.

Mngedhani hapo nimejifunza kuuliza kwanza. Subirini. Mwaka uleule nilisoma mahali kwamba rojo la matunda likitandazwa jembamba na kukaushwa linatoka kama ngozi laini ya kutafuna, na watoto wanalipenda. Wazo zuri sana, na mpaka leo nasema ni zuri. Nikaenda Keko kwa fundi seremala mmoja, nikamchorea tre za kukaushia, kumi na mbili, za mbao safi. Nilimweleza vipimo vyote. Nisichomweleza ni kwamba zitawekewa chakula. Nilipokwenda kuzichukua zilikuwa zinang'aa hata nikajiona uso wangu humo.

"Mzee, nimekupigia vanishi mikono mitatu," fundi alisema kwa fahari. "Bure hiyo, kwa heshima yako tu."

Nilimshukuru sana. Nilizipeleka Chamazi juu ya bajaji ya mizigo, tukatandaza rojo la bungo, tukaanika kwenye jua la siku tatu. Ile ngozi ilitoka nzuri, ya njano, inakunjika. Mama Zai akatafuna kipande, akafikiri kidogo, akasema, "Bwana Shamba, hili kabati tamu, lakini lina uchachu." Ngozi zote zilikuwa zimeshika vanishi, tukazitupa. Tre Bi Mwanahawa hakuzitupa, alizigeuza zikawa za kupangia vyombo, na ukweli ni kwamba kila mgeni alizisifu. Mkienda kwa fundi, basi, mwambieni kitu kinatumika kwa kazi gani kabla hamjamwambia kina urefu gani.

Sasa niwape na kitu cha kuwafaa, msije mkasema mzee ametupotezea muda. Njia ya kutengeneza juisi ya bungo niliyoisoma ilisema uzisage kokwa na nyama yake pamoja kwenye mashine. Njia hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi kuinywa. Kokwa ikivunjika juisi inakuwa chungu, na uchungu ule sukari haiuondoi. Bi Mwanahawa alizimwaga kokwa kwenye beseni, akaweka maji ya uvuguvugu, akaacha zilowe wakati yeye anafanya kazi nyingine, kisha akaingiza mkono na kukanda polepole, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Nyama inaachia yenyewe. Halafu anachuja kwa kitambaa, hakamui kwa nguvu. Bungo lenyewe aliokota lililodondoka au lile linaloachia kikonyo ukiligusa tu. La kuvuta hakulitaka. Sufuria ya alumini hakuipa nafasi kwenye bungo wala ukwaju, alisema uchachu unakula sufuria na wewe unakula vyote viwili. Hayo yote aliyajua bila cheti. Niliyaandika kwenye daftari langu, na nikiri, baadaye niliyafundisha wilaya nyingine kama yangu.

Kilichokuwa rohoni mwa mama yule, lakini, hakikuwa juisi. Kilikuwa kile kichaka.

Eneo lile liliachwa na baba yao kwa watoto wawili, yeye na kaka yake mkubwa, Mzee Shomari. Halikuwa limegawanywa. Mzee Shomari hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Alikuwa mzee wa heshima, mmoja wa wazee wa msikiti wa pale mtaani, mwenye wajukuu wanaotaka kusoma. Lakini viwanja vilikuwa vimepanda bei kote Chamazi, na alikuwa amempata mnunuzi anayetaka eneo zima, la barabarani na la bondeni kwenye mibungo, kwa mkupuo mmoja. Bi Mwanahawa angepata fungu lake na kwenda kukaa kwa binti yake Ubungo, chumba kimoja na sebule. Nilimwona akiambiwa hivyo. Hakubishana. Aliangalia ile mibungo tu, nami nikajua kwamba mama huyu akihamishwa pale hatamaliza mwaka.

Siku hiyo kaka mtu alituita wote wawili, akasema, "Mwanahawa, sikunyang'anyi. Nakupa muda. Ramadhani ikiisha tutakaa kikao cha familia. Kama hiyo biashara yenu ni kitu cha kweli, nitakiona kwa macho. Kama ni mambo ya semina na chai, tunauza."

"Sawa, kaka," alijibu. Mimi nilijibu kwa sauti kubwa zaidi, "Utaona, mzee wangu!" Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Ramadhani ilipofika, msikiti uliandaa futari ya mtaa mzima siku ya Ijumaa, na imamu akaagiza juisi ya bungo kutoka kwa kikundi. Mnaelewa maana yake. Watu wote wa mtaa wangeinywa pamoja, na Mzee Shomari akiwa amekaa mkekani katikati yao. Tusingepata nafasi nzuri kuliko ile hata kama tungeiomba kwa maandishi. Nilichangamka mno. Nikachora ratiba kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani kwa Bi Mwanahawa: Jumatano kuokota, Alhamisi kukanda, kuchuja na kupika, Ijumaa kupeleka.

Bi Mwanahawa aliisoma taratibu. "Mie nakandaga siku ileile," alisema. "Adhuhuri nakanda, alasiri nachuja, magharibi watu wanakunywa."

"Hiyo ni juisi ya jagi, Bi Mwanahawa. Hii ni ya pipa. Lazima tuwe mbele ya muda."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Alhamisi tukafanya kazi nzuri, nasema kweli, akina mama wale waliokuwa wamefunga walifanya kazi ya watu ishirini. Juisi ikapikwa na sukari yake hadi kukaribia kuchemka, kama kitabu kinavyotaka. Kitabu kinasema pia kwamba baada ya hapo uifunge ya moto kwenye chupa safi, au uipoze haraka. Chupa za kutosha hatukuwa nazo, barafu hatukuwa nayo, na mimi nilikuwa na haraka. Nikaamuru imiminwe yote kwenye pipa la bluu lililosuuzwa kwa maji ya kisima, likafunikwa. Ikalala humo na uvuguvugu wake usiku kucha. Andikeni kwa wino mwekundu: juisi yenye sukari, iliyo vuguvugu, ndani ya chombo kikubwa kisicho safi, ni makao ya hamira. Hamira haialikwi. Inatoka kwenye ganda la tunda, kwenye maji, kwenye hewa, na ikipata joto inaamka na kula.

Ijumaa mchana tukafunua. Juu palikuwa na povu jepesi. Nikasema ni la kukoroga. Shingoni nilikuwa nimevaa kifaa changu cha kupimia sukari, kile unachodondoshea tone kwenye kioo na kuchungulia. Nikapima. Sukari ilikuwa imeshuka kuliko jana. Sasa jiulizeni, nani alikuwa ameila usiku kucha pipa likiwa limefunikwa? Jibu mnalo. Mimi nilikifuta kile kifaa kwa shati, nikapima tena, ikawa ileile, nikasema kimezeeka.

Ikabaki kuonja. Na hapa ndipo pana kosa ambalo nadhani hakuna mwingine angeweza kulifanya ila mimi. Ilikuwa Ramadhani, akina mama wote wamefunga. Sheikh mmoja aliwahi kuwaambia kwamba mpishi anaweza kugusisha ulimi na kutema na swaumu yake ikabaki, lakini Bi Mwanahawa hakutaka mchezo na funga yake. Kama kulikuwa na mmoja wao asiyefunga kwa sababu za kike, asingelitangaza mbele ya mwanaume. Kwa hiyo macho yote sita, yaani macho kumi na mawili, yakanigeukia mimi, Mkristo pekee uani pale. Mama Zai akanipa kikombe kwa mikono miwili. Nikajiona mtu muhimu.

Lakini ulimi wangu ulilelewa wapi? Ulilelewa kwa babu yangu, Kilimanjaro, kwenye mbege. Nyie mnaijua, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Sisi watoto tulipewa tuonje iliyobaki chini kwenye kibuyu, na tangu hapo kinywaji chenye uchachu unaochoma kidogo na kupanda puani kwangu ni harufu ya nyumbani. Nikaonja ile juisi. Ilichoma kidogo. Ikapanda puani. Nikafumba macho.

Bi Mwanahawa alikuwa ameinamia pipa. "Onja tena, Bwana Shamba," akasema. "Onja vizuri."

Nikaonja tena, kikombe kizima. "Jana ilikuwa bado," nikawaambia. "Leo ndiyo imekolea!"

Akasimama kidogo pale, mkono kwenye mfuniko. Kisha akafunika. Alasiri ikapelekwa msikitini.

Magharibi nilialikwa kufuturu kwake pamoja na kikundi, nyumba chache tu kutoka msikitini. Mkeka ulikuwa umetandikwa, tambi zipo, magimbi yapo, na jagi moja la juisi tulilojiwekea. Azana ikalia. Bi Mwanahawa akala tende moja, akanywa maji, akasema dua yake, akajimiminia kikombe. Alikifikisha mdomoni, akaonja, akageuka na kutema mchangani. Sikuwahi kumwona mama yule akitema.

"Imeumuka," alisema. Halafu, taratibu, kama anayejisomea: "Hii pombe."

Akainuka akakimbia. Mama wa miaka sitini na kitu, hajala kitu ila tende moja tangu alfajiri, alikimbia kwenye uchochoro ule hata mimi nilishindwa kumfikia. Kanga ya mabegani ilimdondoka, nikaiokota. Nilipofika alikuwa amesimama kwenye geti la uwanja wa msikiti, hakuingia kwa wanaume, ameshika nguzo, na ile sauti yake ya chini imekuwa kubwa ajabu.

"Msinywe! Wallahi msinywe! Juisi imeharibika!"

Watu walikuwa wanamaliza tende na maji, na vikombe vilikuwa vinagawiwa. Vingine vilishafika midomoni. Mzee Shomari alikuwa ameshika chake.

"Ya kwangu hiyo," aliendelea. "Mie nimeipika. Imeumuka, inalewesha. Mwageni, tafadhali. Mwageni yote."

Wakamwaga. Walikuwepo waliokuwa wameshakunywa mafunda mawili matatu, na mzee mmoja alianza kulia. Imamu aliwatuliza, akasema aliyekunywa bila kujua hana dhambi, wasukutue, waje waswali. Pipa likabingirishwa hadi kwenye mtaro. Ile harufu ikapanda pale uwanjani, na safari hii hata mimi niliijua ni ya nini. Mzee Shomari alimtazama dada yake, akageuka, akaingia kuswali.

Mtaniuliza mimi nilifanya nini. Nilishika kanga. Nilisimama nyuma ya bomba la maji nimeshika kanga ya mama wa watu, naye anajitangaza peke yake kwa kosa langu, na mdomo wangu uliosema sana kuhusu vitamini haukupata hata neno moja. Nimefanya mambo mengi ya kuchekesha katika kazi hii. Hilo halichekeshi, na ninalionea aibu mpaka leo.

Siku zote zilizobaki za Ramadhani hakuna aliyenunua juisi kwa kikundi. Wenye midomo waliwaita klabu ya pombe. Mama Zai, ambaye sikuwahi kumwona amenuna, alipita mbele yangu sokoni kama hanijui. Na Bi Mwanahawa alianza kugawa kuku wake, wawili kwa jirani huyu, watatu kwa yule, maana kwenye chumba na sebule Ubungo huwezi kufuga kuku.

Baada ya Idi familia ilikaa. Sikualikwa, nikaenda. Nilipiga hodi, nikamwamkia Mzee Shomari shikamoo, nikaomba dakika tano. Sebule ilikuwa na wazee kama saba. Karatasi za mnunuzi zilikuwa mezani chini ya bilauri.

"Mzee wangu," nilianza, "ile juisi niliiharibu mimi. Bi Mwanahawa alitaka itengenezwe siku ileile, mimi nikakataa. Na mimi ndiye niliyeionja."

"Uliionja?"

"Mara mbili."

"Ikiwa imeshaumuka?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukasemaje?"

Nilitamani sakafu inimeze. "Nilisema imekolea."

Shangazi mmoja alijifunika kanga usoni, mabega yakawa yanatikisika. Ikanibidi nieleze habari za babu na kibuyu na mbege, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuangalia chini. Nilimaliza kwa kusema kwamba kama kuna wa kuhukumiwa ni mimi, na mama huyu aachiwe kichaka chake, kwa sababu kosa si lake.

"Kaka," Bi Mwanahawa akasema. Wote wakasogea ili wamsikie. "Asiibebe peke yake. Mie nilinusa."

Nikageuka kumtazama.

"Mchana ule nilipoinamia pipa, nilinusa. Swaumu inafunga mdomo, haifungi pua. Nimekanda mabungo tangu niko msichana, najua yakiharibika. Nikamwambia aonje tena, nikitumaini ataona mwenyewe. Akasema imekolea. Nikajiambia, Mwanahawa, huyu kasoma, ana na kile kidude shingoni, wewe una pua tu. Nikafunika." Akamgeukia kaka yake. "Kosa ni hilo. Nilijua, nikamwachia asiyejua."

Mzee Shomari alizisogeza zile karatasi kidogo mezani, akazirudisha. Alikuwa hatazami mtu.

"Siku ile getini," alisema, "ungeweza kunyamaza. Tungekunywa, tungesema chachu kidogo, yangepita."

"Yangepita kwenu, kaka. Kwangu yasingepita."

"Na kesho akija mwingine, ana cheti kikubwa kuliko cha huyu, utamsikiliza nani?"

"Nitamsikiliza yeye, kusikiliza ni adabu," Bi Mwanahawa alijibu. "Kisha nitanusa."

Mzee Shomari akatoa simu mfukoni na kumpigia mnunuzi palepale mbele yetu. Alimwambia eneo la bondeni haliuzwi, ni la dada yake, na kama anataka la barabarani peke yake waje waongee. Shangazi akapiga kigelegele. Bi Mwanahawa alilia, mikono yote miwili ikiwa usoni, na mimi nililia pia, sikujificha.

Ningependa kuwaambia kwamba nililia kwa furaha. Furaha ilikuja, ila baadaye. Pale sebuleni nilikuwa najiuliza ni akina mama wangapi, katika miaka yangu yote ya kufundisha, walikuwa wamenusa, wakanitazama, wakafunika.